Glavu za Kushoto

Kama una kidonda cha mkono kisichopona, na riziki yako iko kwenye maji, kaa hapa kidogo kabla hujakimbilia dukani. Mimi nilikimbia kwanza nikauliza baadaye, na nilichovuna ni ndoo nzima ya glavu za kushoto. Ilikaa uani kwangu Ujiji muda mrefu, na kila mgeni aliyepita kwenda kunawa aliuliza ni za nini.

Kazi yangu ni samaki wa mapambo. Wa Kigoma wanajua, lakini kwa mgeni nieleze. Kwenye miamba ya ziwa letu kuna samaki wadogo wa rangi ambao hatuwali. Wapiga mbizi wanawakamata, sisi tunawaweka kwenye mabwawa ya saruji na matangi ya vioo mpaka watulie, halafu tunawafunga kwenye mifuko ya nailoni yenye maji na hewa, wanapanda ndege kwenda kukaa sebuleni kwa watu. Wapo wanaoishi ndani ya maganda ya konokono, na kumtoa mmoja bila kumuumiza kunataka vidole vinavyojua kazi. Mimi ndiye mhesabuji. Kabla ya hapo niliuza dagaa, na mtu aliyewahi kusimama nyuma ya fungu la dagaa anahesabu kila kitu mara mbili, hata salamu.

Ilianza mwishoni mwa mvua. Pezi lilinichoma kidole cha shahada, mkono wa kulia, kama linavyotuchoma wote. Sikujali. Baadaye pakaota kinundu, kigumu, hakiumi. Mama mkwe wangu, Bi Mwamvua, tunayekaa naye nyumba moja, akakipaka mawese ya moto akakikanda asubuhi na jioni. Kinundu kikafurahi. Kikaita ndugu zake. Mmoja akaja akakaa mgongoni mwa kiganja, mwingine juu ya kifundo, wakapanga mstari kuelekea kwenye kiwiko kama watu wanaosubiri dirisha la dawa.

Zahanati ya kwanza waliniambia jipu. Nikameza. Ya pili wakaniambia fangasi. Nikapaka. Muuzaji wa duka la dawa, aliyeniangalia bila kutoka kwenye kiti chake, alisema ni damu chafu, nikanunua dawa ya kusafisha damu. Nilipunguziwa bei, na hilo pekee ndilo jema ninaloweza kusema juu ya dawa ile. Kufikia kiangazi, vumbi jekundu limetanda na upepo unapiga kutoka ziwani, kinundu cha kwanza kilishapasuka kikawa kidonda, na kidole hakikunjiki. Kushika kijiko nilikuwa nashika kama mtoto.

Mtaani neno ukoma lilianza kutembea. Bi Mwamvua hakulitamka. Alinunua kikombe. Cha bati, kina ua jekundu, akakitundika kwenye msumari wake peke yake.

"Hiki chako, mwanangu," akasema. "Kizuri kuliko vyetu."

Nikanywea. Ungefanyaje? Mume wangu Sefu, fundi cherehani pale Mwanga, aliangalia kikombe, akaniangalia mimi, akainuka kwenda kutafuta sindano iliyopotea. Sindano haikupotea.

Hatimaye nikapewa barua ya kwenda hospitali kubwa. Benchi la hospitali ni elimu yake. Pale mtu ukitaka kwenda chooni unaacha kandambili yako mahali ulipokaa, na hakuna anayeigusa; kandambili ina heshima kuliko mwenyewe. Nilikaa jirani na mama mmoja wa Ilagala aliyekuwa anauguza mguu. Alikuwa na karanga za kuchemsha kwenye mfuko. Aliona nahangaika kumenya kwa mkono mmoja. Akawa anamenya, moja anakula yeye, moja ananiwekea kwenye kiganja cha kushoto, huku anawasema watoto wake wanaomwachia kulima muhogo na mguu ule. Jina lake sikuuliza. Karanga zake nazikumbuka mpaka leo.

Daktari alikuwa mwanamke, mkali kidogo, kucha zimekatwa fupi. Aliushika mkono wangu bila kukunja uso, kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Unafanya kazi gani?"

"Nahesabu samaki."

"Kwa mikono?"

"Kwa mikono, daktari. Kwa macho wananidanganya."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akakata kipande kidogo cha nyama ya kidonda wakipeleke mbali kupimwa. Majibu yalichukua muda wake, nami nikachukua shati la Sefu la mikono mirefu kuuficha mkono. Yalipofika, akanieleza kwa kifupi, nami nakueleza kwa kifupi zaidi: si ukoma, si uchawi, si damu chafu. Ni kidudu cha maji ya matangi, kiliingilia pale pezi lilipochoma. Hakimwambukizi mtu kwa kikombe. Ningeweza, ningemwomba aje alisemee hilo la kikombe nyumbani kwangu, mbele ya msumari.

Kwa hiyo somo la kwanza: usipoulizwa kazi yako, itaje mwenyewe. Itaje mlangoni kabla hujakaa.

Kisha akaweka masharti. Vidonge kila siku, mpaka mvua zije na zizoeleke. Mkono usiguse maji mpaka ngozi ifunge. Na nikitaka kurudi bwawani, nivae glavu ndefu zisizopitisha maji, zifike kwapani, na lisiingie hata tone.

"Ikirudi tena ikaingia kwenye kiungo," akasema, "hicho kidole hutakikunja maisha. Na tunaweza kufika kwenye kisu."

Bosi naye alikuwa na lake. "Nafasi yako naishika mpaka msimu wa mizigo mikubwa. Msimu ukifika hujaweza kutia mkono majini, nitaweka mwingine. Si ubaya, mama."

Si ubaya. Basi ikawa hivyo: kidole upande huu, kazi upande huu, katikati glavu ambayo sijawahi kuiona.

Vidonge kwanza. Kile chekundu kinageuza mkojo rangi ya mawese. Hakuna aliyenionya. Nilipiga ukelele Sefu akaja mbio na futikamba mkononi, akachungulia, akatafakari.

"Mama Shani," akasema, "tusimwambie mama. Ataweka kwenye chupa auze."

Nilicheka mpaka machozi, na machozi yenyewe yakawa ya rangi. Mtandio wangu mweupe wa kusalia ulipata madoa ambayo hayajatoka. Nilikonda, chakula kikawa na ladha ya msumari, na dirishani kwa dawa nilijulikana. Nilikuwa navihesabu vidonge pale pale, mara mbili, foleni nzima inasonya nyuma yangu.

"Mama, huniamini?" aliuliza yule bwana wa dawa.

"Wewe nakuamini, baba. Vidonge ndio siviamini."

Habari za majibu nilizifikisha nyumbani mchana, wakati wa kula. Bi Mwamvua alisikiliza, akaendelea kutafuna mgebuka wake mpaka mwiba wa mwisho. Hakusema samahani, na mimi sikuingoja. Alfajiri yake nilikuta pembeni ya mkeka wangu kisahani cha udongo mkavu, safi, umechekechwa, umefunikwa kitambaa. Alikuwa amemuuliza shehe wa mtaa: mkono usioruhusiwa maji, mwenyewe anatayamamu, anajipaka udongo badala ya kutawadha. Kisahani hicho hakikukosa siku hata moja. Na asubuhi moja nilimkuta jikoni anakunywa chai kwenye kikombe chenye ua jekundu.

"Kumbe kinatunza moto," akasema.

Nikachukua kikombe chake cha kila siku, nikanywea mimi. Yakaisha.

Glavu hazikuisha. Ngozi ilipofunga, maembe yanaanza kuiva, nikaingia Mwanga. Soko zima lina glavu, na zote zinaishia kwenye kifundo cha mkono, za kuoshea vyombo. Nikavaa hizo hizo. Nilipoinama kumfuata samaki kwenye kona ya bwawa, maji yaliingia kwa juu yakajaa mpaka vidoleni. Mkono ulikuwa unashinda kisimani.

Nikaenda duka la dawa za mifugo. Huko zipo ndefu, mpaka begani, zile anazovaa bwana mifugo kumpandishia ng'ombe. Laini kama ngozi ya kitunguu. Nikazivaa nikiwa nimejawa na furaha, nikaingia kazini.

"Mama Shani!" Huyo ni Nyabenda, mwenzangu, mpiga mbizi wa zamani kutoka Mwamgongo, mwenye mashoto na mdomo usiofungwa. "Ng'ombe yuko tangi gani?"

Watu wakacheka. Sikumjibu, maana pezi la kwanza lilishajibu. Kabla ya chai glavu ilikuwa imechanika vidole vyote.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifikiria. Tuna roli la nailoni nzito, lile tunalokatia mifuko ya samaki, liko kama bomba. Nikajiambia: nailoni hii inashika maji kutoka hapa mpaka ng'ambo ya bahari, yasitoke hata tone. Basi na yasiingie hata tone. Nikakata urefu wa mkono wangu, nikaufunga upande wa vidole, nikaingiza mkono, na juu karibu na kwapa nikamwita Nyabenda anifunge. Akafunga kama tunavyofunga samaki wa safari: unasokota mdomo, unakunja, unazungushia mpira mara nyingi mpaka unalia.

"Hewa nikuwekee?" akauliza.

"Funga, acha maneno."

Halikuingia hata tone, kweli. Ila halikutoka pia. Nilishinda mchana kutwa na jasho langu mwenyewe, vidole vimevimba vinagonga, nikisema ni kuzoea tu. Nilipofungua, maji yalimwagika chini kama nimetoboa mfuko, na kidonda kilikuwa kimefunguka mdomo.

Daktari aliuangalia mkono, akaniangalia mimi.

"Ulijifunga?"

"Nilijifunga."

"Wewe ni mzigo wa kusafirishwa?"

Vidonge vikaongezwa mpaka maembe yatakapokwisha sokoni. Mkono ukarudi nje ya maji. Msimu wa mizigo mikubwa ulikuwa unakuja, na Bosi alikuwa ameanza kuniangalia kama mtu anavyoangalia kalenda. Nililia usiku ule. Nilimlilia Sefu kwamba mkono ni wangu, kidole ni changu, lakini kila mtu ana tarehe yake juu yake. Sefu akainuka. Alichukua fulana zake za pamba, akazikata mikono, akanishonea mikono mirefu laini ya kuvaa ndani ya glavu, ya kubadilisha kila inapolowa jasho.

"Glavu sijui," akasema. "Cha ndani hiki hapa."

Basi nikarudi Mwanga na cha ndani, kutafuta cha nje. Kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi nikakuta glavu nzito nyeusi, zimepita kiwiko. Mwenye duka, bwana wa makamo mwenye kofia, akaziweka mezani kwa mikono miwili.

"Naomba beseni la maji," nikamwambia.

"La nini, mama?"

"Nizipulize nizizamishe, nione kama zinatoa povu."

"Mama, ukizilowesha umezinunua."

"Glavu ya maji hairuhusiwi kuona maji? Ya harusi hii?"

Wateja wakageuka. Akaleta ndoo, amenuna. Za kwanza zilitoa povu kwenye kidole gumba. Za pili hazikutoa. Tukapatana bei, yaani nilisema, akaapa, nikaondoka, akaniita.

Ngozi ilipofunga tena nilizijaribu bwawani siku moja moja; hazikudumu. Sikiliza vizuri hapa, maana ndipo ndoo ilipozaliwa. Mkono wa kulia ndio unaoingia kati ya mawe, unaopekua maganda ya konokono, unaokwaruza saruji. Glavu ya kulia inakufa, ya kushoto bado bikira. Narudi dukani.

"Niuzie ya kulia peke yake."

"Na ya kushoto nimuuzie nani?"

"Mtafute mwenye mashoto."

"Mama, mimi nauza misumari. Sipigi ramli."

Nanunua jozi. Ya kulia inakufa. Narudi. Kabla hujasema: ndiyo, niliigeuza ya kushoto nje ndani ikawa ya kulia. Ndani yake ina manyoya ya pamba. Manyoya yakawa nje, yakanyonyoka tangini, samaki wakayadhania chakula. Bosi alisimama pale akaangalia manyoya yanaelea, akaniita jina langu lote, la baba na la babu.

Kilichoniokoa ni fundi pancha. Si kwamba alijua, tulikosea pamoja. Nilikuwa napita na jozi mpya nikamwona anazamisha tyubu kwenye beseni lake, anatafuta povu, nikaona huyu ni wa kabila langu. Nikamwomba aniongezee urefu: akate tyubu ya gari, aiunge na glavu kwa solusheni, ifike begani, na mkanda wa kupitisha shingoni. Maungio ya kwanza yaliachia siku ya pili. Nikamrudishia.

"Umeivuta," akasema.

"Nimeivaa. Kuna njia nyingine ya kuivaa?"

Akaikwaruza upya kwa msasa, akaunganisha kwa upana zaidi, akaiacha ikauke juu ya bati kutwa nzima. Na kwenye vidole vya kulia nikamwambia abandike viraka kabla havijatoboka, si baada. Hapo ndipo alinielewa. Glavu ile nzito, inanuka gereji, mkono mzima unafanana na mguu wa tembo. Lakini ina mdomo wazi juu, begani, jasho linapumua, na maji hayafiki huko. Kila asubuhi naipuliza na kuizamisha. Povu likitokea, siingii.

Nilirudi bwawani rasmi msimu ukiwa umeshaanza, Bosi ameshamleta mtu wa kunijaribia nafasi. Kwa glavu nene sikuwa namsikia tena samaki mdogo kwa vidole. Nikamalizia kwa wavu mdogo wa mkono na bakuli jeupe, taratibu, nikihesabu mara mbili kama kawaida. Yule mgeni alihesabu haraka, mara moja. Mzigo wake ulirudiwa kuhesabiwa. Wangu haukurudiwa. Kesho yake yule mgeni alipangiwa kusafisha mabomba. Kidole changu bado hakikunjiki mpaka mwisho. Kinaelekeza mbele kidogo hata nikifumba ngumi, kama kinamshitaki mtu. Daktari anasema hapo ndipo kilipofikia. Nimekubali, kwa shingo upande.

Ningeishia hapo, lakini kuna ndoo.

Asubuhi moja, mvua inanyesha juu ya mabati mpaka hatusikilizani, nilimwona Nyabenda anahesabu kwa mkono wa kulia. Mtu wa mashoto, na ule wa kushoto uko mfukoni. Samaki wanamponyoka. Hesabu yake nikairudia, haikulingana. Sijawahi kuona.

"Toa mkono," nikamwambia.

"Oya, Mama Shani. Baridi tu."

"Nyabenda. Toa mkono."

Akautoa. Kinundu kilikuwa juu ya kifundo cha kidole, kigumu, kinang'aa. Kingine kilikuwa kinaanza mgongoni mwa kiganja.

"Kinauma?"

"Hakiumi."

"Ndiyo ubaya wake."

Mdomo wake usiofungwa ukafunga. Nilimwona anaangalia kidole changu kilichonyooka, halafu chake. Ana watoto Mwamgongo, na huo mkono ndio unaowalisha.

"Mama ananipaka mawese," akasema.

"Aache leo."

"Basi nisaidie glavu. Moja tu, ya kushoto. Unazo ndoo nzima, hazikufai kitu. Niambie bei."

Maisha yangu yote mtu akiniuliza bei najua cha kujibu. Nikamwambia bei yake ni benchi. Aende hospitali, ataje kazi yake mlangoni, aniletee vidonge nivione.

"Bei hiyo kali, dada."

"Haishuki."

"Watasema ukoma."

"Watasema. Na kikombe utanunuliwa."

Alizungusha siku kadhaa, na mimi siku hizo zote nilimtajia ndoo asubuhi na jioni. Mwisho nikaamka alfajiri nikaenda mwenyewe kuweka kandambili yangu kwenye benchi la mbele, nikampigia simu kuwa kandambili inamsubiri na mimi niko pekupeku. Akaja, kanuna, kalowa mvua. Nilimmenyea karanga.

Kinundu chake hakikuwa kimepasuka, ndiyo bahati yake. Kwa kuwahi, daktari alimruhusu kazi ilimradi tone lisiguse mkono. Siku alipoleta vidonge nilivihesabu mara mbili. Vilikuwa kamili. Nikambebea ndoo mpaka kazini, nikamwonyesha fundi pancha, nikampa mkono mmoja wa pamba alionishonea Sefu.

Akachagua glavu, akaipuliza, akaizamisha. Haikutoa povu. Akavaa, akakunja vidole vyote vitano mpaka ngumi ikafumba, akavikunjua, akavikunja tena. Nilikuwa naviangalia kuliko yeye.

"Inabana," akasema.

"Zote zinabana. Chukua zote."

Akaikumbatia ndoo kifuani, anaelekea mlangoni.

"Nyabenda," nikamwita. "Ndoo nirudishie."